Mgonjwa Alale Peke Yake

Jamani, kuna watu wana midomo! Mama Sabuni, mhudumu wa afya wa vitongoji vile, alikuwa mmoja wao. Tangu ugonjwa uingie na mikutano ipigwe marufuku, alizunguka mashambani na kipaza sauti, akisimama barabarani na kuwahubiria watu milangoni mwao: naweni mikono, funikeni midomo, mgonjwa alale peke yake. Mtu akiuliza, "Peke yake wapi, na chumba chenyewe ni kimoja?" alijibiwa papo hapo, "Jibaneni, mama. Ugonjwa hauna huruma."

Siku ya msaada ilikuwa vivyo hivyo. Magunia ya mahindi yalishushwa nyumba kwa nyumba, na juu ya kila gunia yeye mwenyewe aliweka sabuni na kikopo cha vidonge vya kuulia wadudu wa ghala. Alipaswa kueleza matumizi yake. Lakini jua lilikuwa kali, koo limemkauka, na nyumba bado zilikuwa nyingi. Akapaza sauti tu, "Vitieni kwenye mahindi, mzibe ghala vizuri!" Huyoo, akaenda zake.

Asubuhi hii alikuja kumjulia hali Baba Mapacha, mkulima aliyekuwa na homa na kikohozi. Mkewe alimpokea kwa bashasha, barakoa imemshuka kidevuni.

"Karibu, Mama Sabuni! Leo hutugombezi. Mgonjwa yuko peke yake."

"Enhee, hapo sasa! Chumba mmekipata wapi?"

"Si kule ghalani? Tumemtandikia juu ya magunia. Tena nyufa zote nimeziziba kwa matambara, hewa yake isiwafikie watoto."

Mama Sabuni alicheka kwa furaha. Hatimaye watu wanasikia! Kisha kicheko kikamkatika.

"Na vile vidonge?"

"Tulitia jana jioni, kama ulivyosema."

  Alichojua Mama Sabuni ni kwamba miguu inakimbia, anapita banda la kuku, anautingisha mlango wa ghala, anayang'oa yale matambara kwa kucha. Mlango ulipofunguka, ilimpiga harufu kali ya samaki waliooza. Alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia.

Walimburuta hadi uwanjani, yeye kashika kwapa, mke kashika miguu. Midomo ya Baba Mapacha ilikuwa imegeuka rangi, na alitapika hadi akabaki anatweta tu.

"Ana nini? Jana alikuwa anaongea!" mkewe alilia.

"Sumu," Mama Sabuni alisema, na neno lenyewe likamtisha. "Vidonge vile vinatoa hewa ya sumu. Halali mtu humo. Hata paka."

"Mbona hukusema?"

Ole wake!  Mwanamke yule wa maneno alitoa simu, akaita gari la zahanati.

Baba Mapacha alifumbua macho. "Kichwa kilizunguka usiku kucha," alinong'ona. "Nikajua ni ugonjwa umepamba moto. Sikugonga mlango. Nilisema nikiwaita, watakuja na watoto."

Mkewe aliangua kilio, akamkumbatia hapo hapo, barakoa na tahadhari zote kando. Mama Sabuni hakumkataza. Anapumua, alijiambia, Mungu wangu, anapumua. 

Mke aliinua uso ghafla. "Mama Sabuni. Mimi jana niliwasimulia wenzangu kisimani habari ya ghala. Walinisifu. Jirani hapo ng'ambo ya shamba, mama mkwe wake naye anakohoa..."

Hakusubiri amalize. Alikata shamba katikati, akikanyaga miche ya watu, akianguka na kuinuka. Ghala la jirani lilikuwa limefungwa, nalo halikuzibwa kwa matambara, ila kwa udongo, umesilibwa vizuri mno, hakuna hata tundu.

Mkaza mwana wa nyumba ile alitokea jikoni akifuta mikono, uso umekunjuka kwa tabasamu.

"Shikamoo, Mama Sabuni! Tumefanya vile vile ulivyotufundisha. Na mama ametulia kweli. Tangu jana usiku hajakohoa hata kidogo."