Marehemu wa Mara Mbili

Kabla hajawa mjane, Mshonaji alikuwa na mambo mawili ya kujisifia kwa majirani: kwamba hana mama mkwe, na kwamba mumewe aliandikisha kila kitu kwa jina lake yeye, mke. Nyumba, jina la mke. Laini ya simu, jina la mke. Akaunti ya benki, jina la mke. “Ninyi ambao waume zenu wanaficha hata ufunguo wa kabati,” aliwaambia wanawake waliomletea sare za watoto ashone, “njooni mchukue somo.” Nao walicheka, ila ndani ya kicheko mlikuwa na kijicho kidogo.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji. Watu walimwita Kimya, kwa sababu maneno yake yalitoka kwa kupimwa kama dawa. Aliingia mjini akiwa kijana mwenye begi moja mgongoni, akasema ndugu zake wote wameisha, na Mshonaji hakumchokonoa. Walioana, wakapata binti mmoja, wakazeeka pamoja bila makelele. Kisha kifua kilichokuwa kikimsumbua tangu siku walipojuana kikamlaza hospitali, na safari hii hakuinuka.

Mortuari hawakuweza kuutoa mwili bila kibali cha mazishi, na kibali kilitolewa na ofisi ya uandikishaji. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Mshonaji alimwacha binti yake kwenye benchi la mortuari, akaenda mwenyewe kusimama mbele ya dirisha la vifo. Karani alikuwa msichana mpole, miwani imemteleza hadi kwenye ncha ya pua.

“Pole sana, mama. Karibu ukae. Taarifa ya hospitali nimeshaiona hapa kwenye mfumo, pamoja na alama za vidole vyake. Sasa weka kidole chako hapa, tuthibitishe kuwa wewe ndiye mleta taarifa.”

Mshonaji akabonyeza kioo kidogo. Taa ikawaka kijani. Karani akagonga vitufe, akangoja. Halafu akaisukuma miwani juu, akasoma tena.

“Kuna nini, mwanangu?”

“Mama, mfumo unakataa. Unasema mwenye namba hii ya kitambulisho alishaandikishwa kuwa amefariki.”

“Si ndiyo! Amefariki jana.”

“Hapana, mama. Unasema alifariki zamani. Akiwa bado kijana.”

Mshonaji alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyelia usiku kucha. “Basi niliolewa na mzuka, na mzuka huo ulikuwa unakoroma. Mashine yenu imekosea.”

Karani hakubishana. Aliigeuza skrini polepole ili mjane aone mwenyewe. Kulikuwa na picha ya kitambulisho cha kwanza: kijana mwenye nywele nyingi zilizosimama kama kichaka. Mshonaji alimjua mumewe akiwa amenyoa, na baadaye akiwa na upara. Lakini macho yale, na ile namna ya kufunga mdomo kana kwamba ameweka kitu ndani, hayakuwa ya mtu mwingine.

“Ndiye,” alisema, sauti imeshuka.

“Na vidole vimekubali kuwa ni yeye,” karani alisema. “Mashine haikukosea, mama, wala wewe hukukosea. Aliandikishwa na ndugu yake. Imeandikwa: ajali ya machimbo, mwili haukupatikana.”

Ndugu yake. Mshonaji alilirudia neno lile moyoni kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Karani akamweleza kwa utaratibu. Kifo cha pili hakiwezi kuingia mpaka cha kwanza kifutwe, na wa kukifuta ni yule yule aliyekiandikisha, kwa kidole chake. “Kukupa namba yake ya simu siruhusiwi. Ila mimi nitampigia. Nitamwambia taratibu.”

Siku ile Mshonaji alirudi nyumbani. Alikaa mbele ya cherehani, hakushona kitu. Sasa alielewa kwa nini Kimya hakuwahi kwenda benki, wala kusimama kwenye foleni yoyote ya kuweka kidole. Nyumba kwa jina la mke, laini kwa jina la mke, akaunti kwa jina la mke. Yeye aliyaita mapenzi. Kumbe mtu alikuwa amejificha nyuma ya gauni lake kama mtoto aliyevunja chungu. Alitamani kumuuliza, akamkasirikia kwa kuwa hayupo wa kuulizwa, kisha akalia kwa kuwa hayupo.

Kesho yake alimwacha tena binti kwenye benchi la mortuari, na alipofika ofisini, aliwakuta wamekwisha kufika. Mwanamume mrefu mwenye mvi alikuwa amesimama dirishani, na kwenye benchi ameketi bibi kizee, mikono yake miwili juu ya fimbo.

“Huyu ni shemeji yako,” karani alimwambia Mshonaji. Halafu akaonyesha benchi. “Na huyo ni mama yao.”

Mshonaji akapiga magoti kumwamkia. Ndiyo hivyo, mama mkwe amekuja, naye mwana hayupo wa kuwatambulisha.

“Simama, mwanangu,” bibi alisema. “Kaa hapa karibu.”

Shemeji hakukaa. “Mimi niliandikisha vifo viwili siku ile,” alisema. “Yeye na mdogo wetu, kitinda mimba. Jabali liliporomoka wakiwa chini wote wawili. Tulichimba mpaka kucha zikatoka. Tukaweka jiwe pale. Mama anakwenda kwenye lile jiwe mpaka leo, kwa fimbo hiyo. Halafu naambiwa bwana alikuwa mjini, anakula, anaoa!” Akamgeukia karani. “Dada, kaka yangu alikufa machimboni. Huyu wenu simjui, na kidole changu siweki.”

Akatoka nje. Mlango ukapiga nyuma yake.

Karani akabaki ameshika kalamu. Shemeji alikuwa amesema yale yale aliyoyawaza Mshonaji mbele ya cherehani. Bibi akamgeukia Mshonaji.

“Mwanangu, alikwambia chochote? Hata neno moja?”

Mshonaji alifikiri. “Kuhusu ndugu, alisema wameisha. Ila wiki ile ya mwisho, homa ikimpanda, alikuwa akinishika mkono na kusema, ‘Nilimwambia anifuate, naye akanifuata. Nikatoka bila yeye.’ Nilimuuliza, nani? Akasema, ‘Mtoto wa mama.’ Nikadhani ni homa inaongea.”

Bibi aliinamisha kichwa juu ya mikono yake. Mabega yake hayakutikisika. Watu waliokuwa kwenye foleni walitazama pembeni kwa heshima.

“Mdogo wake hakutaka kushuka siku ile,” alisema hatimaye. “Alikuwa mwoga wa giza. Mumeo akamwambia, nifuate, usiogope. Mimi mwenyewe nilisikia, nilikuwa nawafungia chakula. Na mimi nikamwambia, mfuate kaka yako.” Akavuta pumzi. “Kwa hiyo alitoka mzima, akauogopa uso wangu. Mjinga wa watu! Nililia wawili. Angerudi, ningelia mmoja. Ningempiga kofi moja la nguvu, halafu ningempakulia.”

“Angejua hivyo, mama, angerudi,” Mshonaji alisema.

“Wanaume hawajui. Wanadhani mama ni hakimu.” Kisha akamtazama Mshonaji vizuri, kama anayepima kitambaa. “Alikutendea vyema?”

Hapo Mshonaji alitaka kutoa malalamiko yake yote: kufichwa, kudanganywa, kufanywa ukuta wa kujifichia. Kinywa kikatoa mengine. “Hakuwahi kuninyanyulia sauti. Nilipokuwa na mimba alibeba maji yeye, watu wakimcheka. Kila alichopata alinikabidhi mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui alikuwa amebeba nini.”

“Basi alikuwa mwanangu,” bibi alisema. “Nilimlea hivyo. Uongo ulikuwa wa kwake, lakini wema haukuwa uongo.”

Alijikongoja hadi mlangoni, Mshonaji amemshika kiwiko. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta wa nje, anafuta uso kwa kiganja, akijifanya ni jasho.

“Wewe,” mama yake alimwambia. “Kidole chako kilimzika mwenzio bila mwili. Leo mwili upo, unataka ubaki bila kaburi?”

“Mama, ametutesa.”

“Ametutesa, na yeye ameteseka. Mimi ndiye mwenye deni hilo, na nimelisamehe. Ingia ndani.”

Shemeji aliingia. Alisimama mbele ya dirisha, akaitazama ile picha kwenye skrini, kijana wa nywele za kichaka, na midomo yake ikaanza kucheza. “Hizi nywele nilikuwa namkata mimi,” alimwambia karani, kama vile karani ndiye aliyekuwa akihitaji kujua. “Alikuwa hatulii.” Akaweka kidole. Kioo kikakataa kwa sababu kidole kilikuwa kimelowa machozi. Karani akakifuta kwa kitambaa, akasema taratibu, “Jaribu tena, kaka.” Safari ya pili taa ikawaka kijani.

Kumbukumbu ya zamani ikafutwa. Karani akaingiza mpya, akisoma kwa sauti kila alichoandika: mahali alipofia, maradhi, tarehe. Alipofika kwenye ndugu wa marehemu akauliza, “Niandike nani?”

“Mkewe,” bibi alisema upesi.

“Na mama yake,” Mshonaji akaongeza. “Andika na mama yake.”

Kibali kikatoka kwenye printa, kikiwa bado na joto. Shemeji akakikunja, akakitia mfuko wa shati upande wa moyo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama haifai kuusafirisha mwili, ukalazwe karibu na lile jiwe.

“Hapana,” mama yake alisema. “Kule ameshaliliwa vya kutosha. Azikwe alikoishi.”

Wakaenda mortuari kwa miguu, kwa mwendo wa bibi, shemeji upande mmoja na Mshonaji upande wa pili. Kwenye benchi la nje binti alikuwa amesinzia. Aliposikia hatua akafumbua macho, akamwona mama yake ameandamana na mzee mwenye mvi na bibi mwenye fimbo, akasimama upesi, hajui aanze kumwamkia nani.

“Huyu ni bibi yako,” Mshonaji alimwambia. “Anza naye.”