Kome Watano Ndani ya Leso

Haya aliniambia mjukuu wangu mwenyewe, miaka minane baadaye, tukimenya vitunguu saumu jikoni kwangu, naye amekwisha kuwa mpishi wa kutegemewa. Alianzia mwisho, kama wafanyavyo watu wenye jambo la aibu: "Bibi, mimi niliwahi kudhani nimekuua."

Ilikuwa wiki yake ya pili ya kazi katika mkahawa mdogo wa Kiitaliano, meza sita tu, usiopika kitu kisichotoka baharini. Mwenye mkahawa alikuwa Mwitaliano mnene ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Chumvi, maana hakuna sufuria aliyoionja akakosa kuidai chumvi. Siku hiyo alimruhusu binti huyu amwalike mtu wa kwao chakula cha mchana, ampikie mwenyewe. Akanialika mimi niliyemlea.

Alinipikia kome, wale wa magamba mawili meusi, kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, wamwagwe juu ya tambi. Mvuke ulipopanda magamba yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, kama madirisha ya mtaa asubuhi. Watano wakagoma. Binti akawatikisa, akawafunika, akawangoja, wapi. Ndipo aibu ikamshika. Bibi yake amekuja na viatu vya harusini, vinambana na bado anatabasamu, leo apelekewe milango iliyofungwa? Akachukua kisu chembamba, akawafungua kwa nguvu mmoja mmoja, akawapanga juu kabisa ya tambi, mahali pa heshima. Sahani ikatoka. Yeye akainamia masufuria yake, roho kwatu.

Mzee Chumvi akaja kuchungulia pipa la taka.

"Waliokataa kufunguka umewatupa wapi?"

"Kwani wanatupwa?"

"Kome asiyefunguka motoni huenda alikufa zamani. Tumbo la kijana litalalamika tu. La mzee…" Akamtazama usoni, akaelewa. Akamvua binti aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Mpeleke nyumbani, usimwache hata hatua. Akianza kutapika, hospitali moja kwa moja."

Binti alipofika mezani, sahani ilikuwa imebaki magamba matupu na mimi nafuta mdomo.

"Umekula wote, bibi?"

"Ningeacha nini, mke mwenzangu? Mpishi akichungulia sahani, anaitafuta sifa yake."

Anasema alitaka kunieleza, akaona haya. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa meza ya pili kwamba huyu ni wangu. Akanibebea mkoba, tukaenda.

Nyumbani nikajilaza. Yeye akaketi sakafuni kando ya kitanda, beseni mapajani, vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikikohoa, anainuka. Nilicheua mara moja, cheuo cha shibe, akaniletea beseni mpaka kidevuni.

"Mbona unanilinda kama mkate ulio jikoni?"

"Lala, bibi."

Nikalala kweli. Anasema zile saa tatu zilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya shule. Alihesabu pumzi zangu akapotea, akaanza upya. Aliahidi mambo: hatanijibu tena kwa ukali, hataugusa tena mwiko. Jua lilipokuwa limefika ukuta wa pili nikaamka, nikamwambia nina njaa.

"Njaa?"

"Chai na mkate. Nipe na miwani yangu, imo mkobani."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa leso yangu. Nzito, imefungwa fundo, inanuka bahari. Akaifungua polepole. Kome watano, nyama zao nzima, kingo za magamba zimemeguka kwa kisu.

Nilijua nimeumbuka.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Wenzao walifunguka wenyewe, hawa niliona wamelazimishwa. Nikahofia vipande vya gamba, nami nina magego mawili tu yanayoelewana. Kuwaacha sahanini ningekuaibisha mbele ya Mwitaliano wako."

Nilingoja anune. Akacheka. Akacheka mpaka leso ikamwanguka, na kicheko kikageuka machozi, kikarudi tena kicheko.

"Sasa kinachokuchekesha ni nini?"

"Hamna, bibi. Hamna kitu kabisa."

Akawatupa wale watano mbali, akaosha mikono mara mbili, akaleta chai vikombe viwili. Changu nilikimaliza. Chake kilipoa kando ya beseni, kwa kuwa alikuwa amelaza kichwa ukingoni mwa kitanda changu, akashika tena kifundo cha mkono wangu, safari hii bila kuhesabu chochote. Nikadhani ni uchovu wa masufuria. Nikamtupia shuka mabegani kwa mkono uliobaki, na kabla sijamwambia avue viatu, alikuwa ameshalala.