Baada ya Chai

Mwoka mikate alirudi nyumbani saa nane mchana kama kawaida yake, akavua viatu vilivyojaa unga mlangoni, akanawa mikono mpaka viwikoni. Mezani alikuta mkono wa chuma umeshamaliza kukunja nguo zake zote na sasa unakunja kitambaa cha kufutia vyombo, unakikunjua, unakikunja upya. Akauambia upumzike. Mkono ukasita kidogo, kisha ukaendelea.

Mkono huo ulitoka katika kitabu cha kwanza alichopewa darasani. Alikuwa anajifunza lugha ya ugenini, jioni tatu kwa wiki, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi. Binti yake alikuwa ameolewa huko inakosemwa lugha hiyo, sasa ana mimba ya kwanza, na serikali ya huko haimpi mtu kibali cha kukaa mpaka awe na cheti kwamba anaweza kusoma hadithi na kuieleza. Mama aliyelea watoto wake na wa majirani alitakiwa kufaulu hadithi kwanza ndipo amshike mjukuu wake. Aliona ni upuuzi mtupu, akajiandikisha.

Mwalimu, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, alipenda hadithi za zamani za uhalifu na za sayansi ya kubuni, zile zilizofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kila mwanafunzi akimaliza kitabu alisimama na kutoa maoni binafsi, na maoni hayo yalikuwa na utaratibu wake: kwanza useme ulichopenda, pili ulichojifunza, kisha ukae. Nafasi ya kusema kilichokuudhi haikuwepo.

Kitabu cha kwanza kilihusu chombo cha anga kilichokuwa kinakwenda sayari ya mbali. Ndani yake alikuwemo mtumishi wa chuma aliyepika, akafua, akawabembeleza watoto wa nahodha mpaka wakalala. Chombo kikatoboka. Mtumishi akatumwa nje kwenye joto la jua azibe tundu, akaliziba, akayeyuka, na nahodha akavishwa nishani. Mwoka mikate alikuwa amechelewa kukianza, akakisoma chote mbio mbio mchana mmoja, na alipofika mwisho ni mkono mmoja tu wa mtumishi uliokuwa umewahi kutoka kitabuni. Ulidondoka mezani ukiwa bado wa moto na kuunguza kitambaa cha meza. Jioni ile alisimama darasani akasema alimpenda mtumishi, na amejifunza kwamba nahodha alikuwa na mikono miwili mizima ambayo hakuitumia. Mwalimu akamsahihisha matamshi ya neno nishani.

Kwa hiyo kitabu cha pili alikisoma polepole. Msomaji hodari hupita kwenye kurasa kama anawahi gari, waliomo ndani hawapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Yeye alisimama kwenye kila neno, akafungua kamusi, akaandika maana pembeni kwa penseli, na macho yakichoka aliweka kipande cha uzi kwenye ukurasa na kufunga. Ilikuwa hadithi ya uhalifu. Bwana mzee tajiri amekutwa amekufa chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ufunguo, ukoo mzima umekusanywa sebuleni, na mpelelezi maarufu mwenye kofia anazunguka akitazama mazulia. Siku ya Ijumaa aliishia kusoma pale ambapo mtumishi wa kike anatembea ukumbini akiwa na sinia la chai. Jumamosi na Jumapili oda za mikate zilikuwa nyingi mno, hakukigusa kitabu.

Jumatatu alimkuta mtumishi jikoni kwake. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, aproni nyeupe, sinia ameliweka juu ya jiko, anajisugua mikono.

"Samahani, shangazi," akasema. "Mikono imekufa ganzi. Uliniacha nimesimama tangu Ijumaa."

Mwoka mikate akamwomba radhi, akamvutia kiti, akamimina chai ile ile ya kwenye sinia kwa kuwa ilikuwa bado ya moto. Walikunywa wote wawili. Mkono wa chuma ukakusanya vikombe kabla hawajamaliza.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Sijapewa. Wananiita yule msichana."

"Na unamjua aliyemuua mzee?"

"Ni mpwa wake. Nilimwona akitoka chumbani na mto mkononi, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Baadaye ufunguo ukamdondoka kwenye ngazi, nikauokota. Ndiyo nilikuwa naenda kumwambia mpelelezi."

"Akakuambiaje?"

"Huwa ananiambia nisubiri mpaka amalize chai." Binti akalitazama sinia lake. "Baada ya chai nakutwa nyuma ya pazia, nimenyongwa, ufunguo nimeushika. Anauona, anafikiri sana, anajua ni nani. Wote wanampigia makofi. Kila mtu akisoma, shangazi, ni hivyo hivyo."

Hasira zilimpanda mwoka mikate mpaka akasimama. Akakitazama kitabu kile kilichokaa mezani kimetulia, chenye picha ya kofia juu ya jalada. Mtu mzima mwenye akili zake, aliyeitwa kutoka mbali kwa sababu ya akili hizo, anafuatwa na shahidi mwenye ufunguo mkononi, naye anataka chai kwanza. Angemsikiliza kidogo tu, angalau huku anapuliza kikombe, binti wa watu angekuwa hai. Tena anaitwa maarufu.

Alimtandikia binti kitanda kwenye chumba cha zamani cha mwanawe.

Darasani Jumatano mambo hayakuwa mazuri. Wanafunzi wote walikuwa wamekwama. Katika vitabu vyao mpelelezi alikuwa ameketi sebuleni akinywa chai ukurasa baada ya ukurasa, hakuna sinia jipya lililoletwa, na ukoo wa marehemu ulikuwa umeanza kusinzia. Kinyozi, aliyejisifu kwamba humaliza kitabu kati ya kichwa cha mteja mmoja na kingine, alisema amefika mwisho na hakuona mwisho. Mwoka mikate akasimama akaeleza kwamba mtumishi yuko nyumbani kwake, anaendelea vizuri, na muuaji ni mpwa.

"Anakula?" akauliza nesi aliyekaa dirishani.

"Anakula. Amekonda tu."

Mwalimu akafunga kitabu chake taratibu. "Kumbe ndiyo sababu. Mama, nakuomba umrudishe. Wenzako wana mtihani mwisho wa mwezi."

"Nikimrudisha atauawa."

"Anauawa kwenye ukurasa mmoja tu."

"Basi mpelelezi amsikilize. Anajua kila kitu. Hata ufunguo anao."

"Akisikilizwa hakuna hadithi, mama," akasema mwalimu kwa upole ule ule. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumletea nesi dawa ya kikohozi, na ubao aliufuta mwenyewe. Lakini alisema maneno yale bila kupepesa jicho, na darasa zima likaandika.

Mwoka mikate alirudi nyumbani anaongea peke yake njiani. Hakumrudisha mtu.

Haikusaidia. Ijumaa vitabu vilikuwa vimejirekebisha vyenyewe. Nyuma ya pazia sasa alikutwa yaya wa nyumba ile, ufunguo mkononi, na mpelelezi akafikiri sana, akajua ni nani, wakampigia makofi. Sebuleni kila aliyekuwa na kiti alibaki kwenye kiti chake. Mpwa alikamatwa akaomba koti lake, akaletewa. Wanafunzi walifurahi kwamba sasa hadithi inakwenda. Kinyozi alikuwa ameshamaliza kabla ya chakula cha mchana, na wenzake hawakuwa nyuma sana, hivyo mwoka mikate alipofungua kitabu chake pazia lilikuwa limeshafunuliwa.

Alimweleza binti jikoni. Binti alikuwa anaosha bakuli, akaendelea kuliosha muda mrefu baada ya kutakata.

"Yaya alikuwa na mtoto mgonjwa juu kule," akasema. "Siku ile hakutoka chumbani. Hakuona kitu, shangazi. Wala hakuwa na ufunguo, ufunguo si huu hapa?" Akautoa kwenye aproni na kuuweka mezani. "Wamemuua bure."

Mkono wa chuma ukauchukua ufunguo, ukaufuta, ukauweka panapokaa vijiko.

Binti yake wa kumzaa alipiga simu wiki ile. Miguu imevimba, akasema, daktari anasema siku zimekaribia, na mama mkwe ni mtu mwema lakini si mama. "Soma, mama. Jibu wanachouliza, chukua cheti, panda ndege uje." Mwoka mikate akaahidi. Roho ilimuuma kwa sababu alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mtihani ulifanyika katika ofisi yenye viti vya ngozi. Wasahihishaji walikuwa wawili, mwanamke mwenye miwani na mwanamume mnene, na mbele yao birika la chai. Walimwambia aketi, wakamsifu matamshi, na ni kweli yalikuwa yamekuwa mazuri kwa kuwa kila siku alizungumza na binti jikoni. Kisha wakamuuliza mpelelezi aligunduaje muuaji.

Jibu alilijua. Lilikuwa limeandikwa nyuma ya kitabu, na kinyozi alikuwa amemkaririsha: kwa werevu wake, alipouona ufunguo mkononi mwa yaya. Alifungua kinywa kulisema. Akamfikiria mjukuu, akajikaza, akafungua kinywa tena.

"Hakugundua," akasema. "Aliletewa habari akiwa ameketi, akasema baadaye. Watu wakafa wakati anakunywa chai. Yaya hata hakuwa na ufunguo, ufunguo uko kwangu." Akautoa kwenye mkoba na kuuweka mezani kando ya birika.

Wasahihishaji wakautazama. Ulikuwa ufunguo wa shaba, wa kizamani, na hawakuwa na shaka nao. Mwanamke akauliza kama kuna kitu chochote alichokipenda katika hadithi.

"Hakuna."

"Swali ni umependa nini."

Mwanamume akamrudishia ufunguo, akamwambia asiusahau, na akaandika kwamba lugha yake ni nzuri sana ila hadithi hakuielewa.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wa kike. Walimwonyesha kwenye simu, amefunikwa mpaka kidevuni, analia. Mkono wa chuma uliposikia kilio uliacha kukunja kwa mara ya kwanza tangu ufike, ukaanza kupigapiga meza polepole, kwa mpigo wa kubembeleza. Mtoto akatulia. Binti yake akafuta machozi akauliza, "Kwani mama, ulishindwa kusema tu wanachotaka?"

"Nilishindwa, mwanangu."

"Kwa ajili ya msichana wa kwenye kitabu."

"Kwa ajili ya kila mtu aliye upande wa sinia," akasema mwoka mikate, na binti yake akasema mtoto anataka kunyonya.

Muhula mpya alijiandikisha tena. Chumba kilikuwa kile kile, harufu ya rangi ile ile, kinyozi na nesi wakiwa wamerudi kwa ngazi ya juu zaidi. Mwalimu akagawa vitabu. Ilikuwa hadithi ile ile ya bwana mzee, akaeleza, lakini imeongezwa maneno magumu kidogo. Mwoka mikate hakushangaa. Alitoa penseli na kamusi, akaanza polepole kama desturi yake.

Nyumba ile kubwa ilikuwa na tatizo la watumishi. Msichana ameondoka bila kuaga, yaya amekufa, na mpishi, ilisemekana, ameogopa akaacha kazi. Kwa hiyo bibi wa nyumba alikuwa ameajiri mwanamke mpya jikoni. Alikuwa mfupi, si kijana, mwoka mikate kwa kazi yake, mwenye unga kwenye nyusi. Alikuwa ameokota ufunguo kwenye ngazi. Jina halikuandikwa.

Akasoma tena ili awe na hakika na maneno magumu. Akajipapasa nyusi, kidole kikatoka cheupe.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni mimi."

Mwalimu akaja, akainama, akasoma. Akamtazama yeye, akatazama ukurasa, akakubali kwa kichwa.

"Ndiyo, ni wewe. Ni jambo zuri sana mwanafunzi akijiona katika hadithi," akasema. "Liweke kwenye maoni yako, mama. Ila uanze na ulichopenda."

Nesi aliyekaa dirishani alikuwa ameweka kidole kwenye mstari na kukiacha hapo, hasongi mbele. Lakini nesi alikuwa mmoja. Mwoka mikate akamgeukia kinyozi aliyekaa kiti cha pili. Kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa mbele zaidi. Kutoka pale alipokaa aliweza kuyasoma maandishi: mwanamke wa jikoni amefika kwenye mlango wa sebule, ameshika sinia, anasema ana neno muhimu kuhusu mpwa, na mpelelezi, bila kuinua macho, anamwambia baada ya chai.

"Kaka," akasema, "nakuomba usome polepole."

"Ningependa, mama," akasema kinyozi, na ilionekana kweli angependa. "Lakini kesho nina wateja tangu asubuhi."

Akalamba kidole, akafunua ukurasa.