Kofia Ngumu ya Shukrani

Kofia ngumu imetengenezwa ili ikinge kichwa, lakini Shukrani, dereva bodaboda wa Mwandiga, aliigundulia kazi ya maana zaidi: kubania simu sikioni. Hivyo mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani. Akili ndiyo ilikuwa kwingine, ila siku hizi nani anaendesha kwa akili?

Siku hiyo simu ilikuwa nzito. Mshenga wake, Mzee Amosi, alikuwa Ujiji kwa akina Leonia kumalizia posa, na baba wa binti, Mzee Castory, alibaki na shaka moja tu: bodaboda wanaua watu. Akataka kumsikia kijana mwenyewe. Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Mtu mwingine angeegesha pembeni kwanza. Shukrani alikuwa amempakia Mama Elida na ndoo yake ya mawese kwenda soko la Mwanga, na abiria hacheleweshwi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeegesha, mwanangu?"

"Nimeegesha, baba," alijibu, huku akilipita lori.

Mama Elida akampiga begani. "We mtoto, zima hiyo simu! Nina wajukuu mie!"

Sikio la kufa halisikii dawa, na la Shukrani lilikuwa limejaa sifa. "Kijana mtulivu sana huyu," mshenga alikuwa akisema. "Hata kofia havui." Shukrani akatabasamu, macho yakamlegea kwa raha. Bajaji iliyosimama mbele kushusha abiria aliiona ikiwa imeshamfika puani.

Mawese yalitapakaa barabarani. Mama wa watu alilala katikati yake, mguu umepinda pasipopinda mguu, akilia kilio cha kukata maini. Shukrani alivunjika mkono. Simu, kwa bahati njema, haikupata hata mkwaruzo. Kofia ilikuwa imeikinga vizuri.

"Shukrani!" Ilikuwa sauti ya Leonia. "Nani huyo analia?"

"Ni abiria tu," akasema Shukrani. "Vipi, wazee wamekubali?"

Simu ikakatika.

Jumapili Leonia alifika hospitali na chupa ya uji. Shukrani, aliyekaa kibarazani na mkono wake uliofungwa hogo la plasta, akajiweka sawa, akampangusia benchi. Leonia akampa pole kama anavyopewa mgonjwa yeyote, kisha akauliza wodi ya wanawake iko wapi.

"Kuna mama alivunjika mguu," alisema. "Nimemletea uji."