Ijumaa ya Lodi Askrigg

Jumatatu asubuhi Lodi Askrigg alimwambia daktari wake kwamba hana nafasi ya kufa kabla ya Ijumaa.

"Ijumaa saa kumi jioni," alisema, akihema baina ya neno na neno. "Baada ya hapo, Ormerod, nifanye utakavyo."

Daktari Ormerod, aliyekuwa amemtibu miaka thelathini, alirudisha kipimo chake cha moyo mkobani. "Mheshimiwa, mimi nina dawa ya kikohozi. Siku siuzi."

"Basi usinitibu kikohozi. Anayekohoa hajafa."

Nora, binti pekee wa lodi, alicheka, kisha akageukia dirishani akajifanya anapanga pazia. Alikuwa na miaka arobaini na minne na hakuolewa. Tangu mama yake afariki, yeye ndiye aliyeiendesha nyumba ile kubwa ya mawe, yenye vyumba hamsini na mioto minne tu.

Sababu ya Ijumaa ilikuwa Rowland, mdogo wake Nora. Rowland alikuwa mbunge katika bunge la chini, amechaguliwa na wachimba mawe wa bonde lao, na Ijumaa hiyo muswada wake wa usalama wa machimbo ulikuwa unapigiwa kura ya mwisho humo. Lakini yeye ndiye mrithi, na sheria ilikuwa haibembelezwi: baba akikata roho tu, mwana anakuwa lodi palepale, awe anakunywa chai au anahutubia, na kiti chake cha bunge la chini kinamtoka, kwa kuwa malodi wana bunge lao wenyewe. Na bila Rowland kuusimamia, wenye machimbo wangeuzika muswada ule kabla ya chakula cha mchana.

Mwenye machimbo makubwa kuliko yote bondeni alikuwa Lodi Askrigg mwenyewe. Mwaka 1909 ukuta wa shimo la chini ulianguka ukafukia watu tisa. Msimamizi alikuwa ameomba magogo ya kuushikilia. Lodi akasema yasubiri hadi majira ya kuchipua. Hakuwahi kulizungumzia jambo hilo mezani. Rowland alipogombea kiti upande wa wafanyakazi, baba na mwana walinuniana miaka miwili. Kisha siku moja, bila kuulizwa, mzee alimwambia mwanawe, "Kwenye muswada wako, andika magogo yawekwe kabla ya uchimbaji, si baada," akaendelea kumenya yai lake.

Alhamisi mchana Nora alikuwa akimnywesha supu kwa kijiko. Mzee akausukuma mkono wake.

"Nora, mwanangu, nikiondoka mapema, usiiguse simu mpaka kura zihesabiwe."

"Baba, unataka nimdanganye Rowland."

"Nataka unyamaze. Umeninyamazia mambo mengi. Ongeza hili moja."

"Na akipiga yeye?"

Mzee alikuwa amefumba macho. Nora hakujua kama amelala au amekwepa swali.

Alikufa Ijumaa saa nne na robo asubuhi, kimya, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nora. Jua lilikuwa linawaka na nje kondoo walikuwa wakipigiana kelele.

Daktari alifika, akamfumba macho, akatoa kalamu. "Saa ngapi, Bi Nora?"

"Saa nne na robo."

"Nitaandika saa nne na robo. Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi hii." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Lakini ofisi ya vifo iko mjini, nami nina mama anayejifungua kule juu mlimani. Mimba ya kwanza. Huenda nisishuke hadi jioni."

Saa saba simu ililia. Nora alishuka ngazi polepole, akiomba ikatike. Haikukatika.

"Dada! Baba yukoje?" Nyuma ya sauti ya Rowland kulikuwa na vishindo vya watu wakipita ukumbini.

"Ametulia," alisema Nora. "Hana maumivu."

"Amekula?"

"Rowland, rudi ndani. Ndivyo Baba anavyotaka."

"Narudi, narudi. Mwambie hata Thackwell, mpinzani wetu mkubwa, amekubali kutupigia kura. Thackwell, yule jiwe! Mwambie tu, atacheka mpaka meno yamdondoke."

"Nitamwambia."

Akaweka simu, akapanda juu, akaketi kando ya kitanda. "Thackwell amekubali, Baba," alisema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Saa kumi na moja Rowland alipiga tena, sauti imemkauka. Muswada umepita kwa tofauti ya kura arobaini! Nora alimwacha amalize, kisha akamwambia.

Rowland akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

Simu ikakatwa.

Rowland alifika Jumamosi kwa gari moshi la mchana. Alikaa na baba yake nusu saa, mlango umefungwa. Alipotoka hakuushika mkono alionyooshewa na dada yake.

"Unajua nilisema nini jana bungeni? Nilifanya mzaha kuhusu Baba. Namna anavyokoroma kwenye bunge la malodi. Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Naye yuko hapa, ameshapoa."

"Aliniagiza mwenyewe."

"Aliyenijibu kwenye simu si yeye. Ni wewe. Nilikuuliza kama amekula, Nora."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningeketi, nisihutubie. Ningekuja nyumbani."

"Na watu wa shimo la chini?"

"Usinihubirie kuhusu watu wa shimo la chini!" Akapiga ngumi ukutani. "Ulikuwa na haki gani?"

"Sina," alisema Nora. "Nilijua sina, na nikafanya."

Jioni hiyo Rowland alimwandikia Spika barua, akaeleza kila kitu: kwamba alihutubia na kupiga kura bila kujua kuwa si mbunge tena. Nora ndiye aliyeipeleka posta. Alitembea nayo maili mbili, na hakuna hata hatua moja ambapo aliwaza kuitupa. Jibu lilikuja baada ya siku nne: mtu halaumiwi kwa asichoambiwa, na kura moja haitengui arobaini. Muswada ulisimama.

Wachimba mawe waliomba wenyewe kulibeba jeneza. Jethro Birkett, ambaye kaka yake alikuwa mmoja wa wale tisa, alitangulia mbele kulia. Walipolishusha kanisani alijifuta jasho, akamwambia Nora, "Tulimchukia miaka ishirini na tano, mama. Leo tumembeba. Na mzito kweli, Mungu wangu, alikuwa anakula nini?"

Nora alicheka palepale kanisani, na watu wengine hawakumsamehe kicheko hicho.

Sasa muswada ulikuwa umebaki kupita bunge la malodi, ambako wenye machimbo walikuwa wamejaa kama kunguru. Na lodi mpya alikuwa Rowland. Kwa wiki tatu alimsemesha dada yake mambo ya chumvi ya mezani na barua tu. Kisha siku moja alimfuata bustanini, alikokuwa akipogoa mawaridi.

"Wale wazee sijui nizungumze nao vipi," alisema, akiangalia viatu vyake. "Nikipaza sauti wanalala. Nikishusha wanalala vilevile. Baba alifanyaje, mpaka wakawa wanamsikiliza?"

"Hotuba za Baba niliziandika mimi."

"Lini?"

"Miaka kumi na minane. Zote."

Rowland alikaa kwenye ukuta wa bustani kama mtu aliyenyang'anywa kiti. "Na ile ya shule za vijijini? Mimi niliiga ile hotuba, Nora! Nilikuwa naisoma mbele ya kioo!"

"Najua. Nilikusikia."

Akacheka, kwanza kwa hasira, kisha kwa kweli. "Basi niandikie hii."

"Nitakuandikia hii moja. Ya mwisho." Akaweka mkasi chini. "Birkett na wenzake walikuja jana. Wanataka nigombee kiti chako."

Muswada ulipita mwezi wa saba, kwa tofauti ya kura sita. Uchaguzi ukafuata mwezi wa kumi, kwenye mvua. Katika kila mkutano Nora alieleza alichofanya Ijumaa ile, kabla wapinzani hawajamtangulia. Mjini mwanamke mmoja alimpigia kelele, "Uliyemdanganya nduguyo, sisi utatuambia kweli?"

"Niulize swali lolote sasa hivi," alijibu Nora, "kisha uniangalie usoni." Akaulizwa maswali kumi na moja, akayajibu yote.

Lodi haruhusiwi kumfanyia mtu kampeni. Kwa hiyo Rowland alikaa garini nje ya kila ukumbi, chupa ya chai magotini, akimngoja dada yake ili ampeleke nyumbani. Kuhusu ile simu hakuwahi kusema amesamehe. Usiku wa matokeo, Nora aliposhinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na mbili, Rowland alishuka garini, akavuka umati wa wachimba mawe waliokuwa wakiimba, akamvika koti lake begani.

"Umelowa," alimwambia. "Twende ukale."