Watoto Watatu wa Kizimba cha Arobaini na Moja

Daktari alilitaja neno "Ijumaa" mara tatu, na kila alipolitaja binti yangu alizidi kunibana vidole. Ijumaa mimba ingefika wiki ya kumi na nne. Ikitolewa wakati huo, alisema, mama hapati shida kubwa. Kungoja hadi wiki ya ishirini, moyo uonekane vizuri kwenye picha, ni kujitakia maumivu mara mbili.

"Mtoto wenu hana jeni hii kabisa," alisema. "Nakala ya baba mbovu, ya mama mbovu. Na jeni hii ndiyo inayojenga ukuta wa katikati ya moyo. Sina binadamu hata mmoja wa kumlinganisha naye. Nina panya tu. Na viinitete vya panya vikiondolewa jeni hii vinafia tumboni. Vyote."

"Nani kasema vyote?" nikauliza.

Akatugeuzia kompyuta. Nikaiona makala, jina la Profesa, mkuu wa maabara yetu, likiwa juu kabisa. Hospitali yetu inaipima jeni ile kwa sababu ni maabara yetu iliyoivumbua, na kila panya wa makala ile nilimlisha mimi.

Nina miaka ishirini na tatu katika nyumba ya panya. Shule niliishia darasa la saba. Habari za jeni nilizisoma kwenye makaratasi yaliyotupwa kwenye pipa la ofisini, kamusi pajani, wakati wa chakula cha mchana. Mwaka waliotunyima barakoa, vumbi la maranda tunayotandika vizimbani likatukoboa mapafu, mimi ndiye niliyewakalisha wenzangu chini pale getini siku nne mpaka zikaletwa. Tangu hapo Profesa ananiita Mheshimiwa. Aite tu. Mimi sisahau, na kimojawapo ambacho sijasahau ni kizimba cha arobaini na moja.

Miaka kumi na moja iliyopita walizaliwa humo watoto watatu wasio na jeni ile. Wazima, wananyonya. Majibu ya vipimo yalipokuja, Profesa akayapiga mstari mwekundu: kosa la kadi, ile inayobandikwa kizimbani kuonyesha ukoo na wazazi. Nikamwambia si kosa, nimewaona kwa macho yangu. Akanijibu bila kuinua uso, "Mheshimiwa, wewe badilisha maranda."

Nilimweleza binti yangu yote hayo kwenye benchi nje ya kliniki.

"Usikubali. Hawa watu wanafuta wasichokipenda."

"Mama, una hakika?"

"Nina hakika."

Akashusha pumzi, akaegemeza kichwa begani kwangu. Hapo ndipo hofu iliponishika. Maneno yale nimeyasema kwenye mikutano mara mia, juu ya mishahara, juu ya glavu. Sasa nilikuwa nimeyasema juu ya tumbo la mwanangu.

Kesho yake, Alhamisi, nilifika kazini kabla ya wenzangu. Daftari zangu zote nimezitunza stoo, chini ya magunia ya chakula. Nikalitafuta la mwaka ule, nikafungua, nikasoma: kizimba cha arobaini na moja, mama mweupe.

Nikakaa juu ya gunia.

Tulikuwa na koo mbili, panya weupe na panya weusi, na kila mzazi alikuwa amezimwa nakala moja ya jeni ile. Nikapekua kurasa. Wazazi weupe arobaini, wazazi weupe hamsini; asiyekuwa na jeni hakuzaliwa hata mmoja. Haiwezekani mama mmoja kati ya karibu mia azae watatu wa namna ile peke yake. Basi Profesa alikuwa sahihi. Ni kosa la kadi, na mimi nilikuwa nimempa mwanangu kosa la kadi alishike kama tumaini. Daftari likaniponyoka, likaanguka sakafuni.

Nilikwenda ofisini kwake nikiwa nalo hivyo hivyo, limejaa vumbi.

"Mheshimiwa. Tumegoma tena?"

"Binti yangu ana mimba. Mtoto hana jeni yako."

Kikombe kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Akakirudisha mezani.

"Nahitaji kujua kama arobaini na moja ilikuwa uongo," nikasema. "Kama ni uongo niambie, nikamwambie kabla ya kesho."

Hakunicheka. Alivaa miwani, akalivuta daftari, akaanza kusoma mwandiko wangu kwa sauti, taratibu, kama mtu asomaye barua ya msiba. "Mama mweupe. Watoto watatu. Wananyonya. Macho meusi." Kidole kikarudi mwanzo wa mstari. Akarudia, "Macho meusi?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Mtoto wa mweupe hazaliwi na macho meusi, mama. Akizaliwa mweupe, chini ya ngozi ya jicho hakuna weusi wowote."

Hakuwa amewahi kuniita mama. Na hapo hapo nikakumbuka. Wiki ile mafundi walikuwa wanatoboa ukuta ghorofa ya juu. Panya weusi ni waoga wa kelele. Mama akishtuka anakula wanawe. Sisi watunzaji tuna kawaida yetu: tunawachukua watoto, tunawapaka maranda ya mama mweupe mpaka wanuke kama wake, tunampa alee. Weupe hawabagui. Na kadi ya kizimba, katika haraka ile, sikuigusa.

"Walikuwa weusi," nikasema. "Niliwahamisha. Sikuandika."

Alivua miwani. "Kwa hiyo ukoo wa weusi una kitu kingine kinachoshika nafasi ya jeni ile. Angalau kwa baadhi yao."

"Baadhi, wangapi?"

"Sijui. Mwaka uliofuata niliwaondoa weusi wote. Walizaa polepole."

"Kosa la kadi ni langu," nikamwambia. "Lakini wewe hukuniuliza. Nilisimama hapa hapa mlangoni, ukanituma maranda. Ungeniuliza swali moja tu, leo tungejua wangapi."

"Nakumbuka," alisema. Akashika simu kumpigia daktari, na nambari aliikosea mara mbili.

Jioni nilimkuta binti yangu akikunja nguo, mumewe akimpokea moja moja. Nikawaeleza yote, pamoja na kadi niliyoisahau.

"Sasa mimi ni panya yupi?" akauliza. "Mweupe au mweusi?"

"Hakuna anayejua, mwanangu. Watu hawazaliwi kwa koo zilizochujwa hivyo."

"Jana ulikuwa na hakika."

"Jana nilikuwa na hasira."

Mkwe wangu akacheka kidogo, akaona hakuna wa kumuitikia, akaacha. Binti yangu akamaliza kukunja shati. "Basi Ijumaa siendi. Nitangoja hiyo picha. Lakini mama, usiniambie tena una hakika."

Sikumwambia. Wiki sita niliamka kila siku nikiwa nimekunja ngumi, na nikienda kwao nilitazama kwanza viatu mlangoni, kama zipo jozi zote mbili, kama hawajakimbilia hospitali.

Siku ya picha, daktari alipitisha kifaa tumboni, kisha akarudia pale pale. Akarudia tena. Nilisikia mashine ikivuma.

"Ukuta upo," alisema hatimaye. "Umejengeka. Juu haukufunga, kuna tundu. Tundu la hivi kwa mtoto mwingine ningewaambia linashonwa. Kwa huyu, siwezi kusema mpaka azaliwe."

Binti yangu alinigeukia, mafuta ya kipimo yakimteremka ubavuni.

"Mama, wale watatu waliishi muda gani?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu Alhamisi ile. Ningeweza kuongeza siku.

"Siku tatu," nikasema. "Siku ya tatu tuliwaua wenyewe, kuwapima. Mimi ndiye niliyewatoa kizimbani. Walikuwa bado wananyonya."

Alijifuta mafuta ya ubavuni kwa kiganja. Kisha akamgeukia daktari.

"Nionyeshe tena hilo tundu. Na uniandikie jina la anayeshona."