Kibao cha Mlangoni

Kila asubuhi Malsun na shoga yake Dukhi, wajane wote wawili, walitembea kando ya kijito, kofia za jua zimewafunika hadi kwenye nyusi. Zamani njia ile ilinukia supu ya dagaa na samaki wa kuchoma. Siku hizi ni mikahawa mitupu. Vijana hutoka huu wakaingia ule, kahawa hapa, keki pale, na hakiliwi kitu kabla ya kupigwa picha.

"Leo naingia," alisema Malsun. "Nakitaka kibao changu."

"Utajitia presha bure, shoga."

Mkahawa aliouonyesha ndimo alimouza tambi kwa miaka ishirini na sita. Mwenye jengo alimtoa akidai anapataka kwa matumizi yake. Haikutimia miezi mitatu, mwanawe akafungua mkahawa. Meza alitupa, sufuria alitupa, lakini kibao alikiacha kikining'inia nje ya kioo cha mlango, maana wateja wanapenda mambo ya kizamani. Mbele, kwa brashi ya marehemu mume wa Malsun: "Tambi za supu ya dagaa, won elfu nne." Nyuma: "Leo tumefunga." Mara ya mwisho Malsun alikigeuza siku ya kumzika aliyekiandika.

Walipanga foleni kwenye mlango uliokuwa wake.

"Bibi, kila mtu anaagiza chake," alisema msichana wa kaunta walipotaka kugawana kahawa moja ya barafu, won elfu saba.

"Elfu saba!" alimaka Dukhi. "Kwa Malsun ungekula tambi na kachumbari ya kimchi, na chenji ukarudishiwa!"

Wakalipia mbili. Malsun akamwendea kijana mwenye mkahawa.

"Mwanangu, kile kibao ni mwandiko wa mume wangu. Nipe, nami nitakuchongeshea kingine."

"Aa, mama, kile kilikuja na jengo. Na ndicho kinacholeta watu." Alitabasamu kwa adabu zote. "Ukitaka, piga nacho picha. Bure kabisa."

Bure! Malsun angemtukana, lakini hata matusi aliona ni hasara.

"Ahsante," alisema. "Dukhi, njoo na simu."

Walitoka nje. Dukhi aliinua simu, akajifanya anatafuta pembe nzuri. Malsun akakishika kibao, akakigeuza kwa mkono uliozoea, akakinyoosha kikae sawa. Kijana alikuwa ameinamia mashine yake. Na hata angeinua macho, kutoka ndani angeona maneno ya tambi tu.

Kwenye foleni watu walisoma, wakaguna, wakaanza kuondoka kuelekea mkahawa wa pili. Walimdhania ndiye mwenye mahali. Msichana mmoja akamwinamia kwa heshima.

"Pole kwa kazi, mama. Mtafungua tena lini?"

Tangu atolewe humo, miaka miwili, hakuna aliyemuuliza hivyo. Machozi yakamlengalenga.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kamuulize mwenye jengo."